Mchango Ambao Haukufungwa na Msiba

Siku ya arobaini ya mwenzangu, baada ya dua na pilau, tulikaa watu watano kwenye mkeka wa uani tukafunga daftari la michango. Mweka hazina alisoma majina yote, kuanzia la mtu wa kwanza aliyetoa shilingi 2,000, akasoma na ahadi ambazo hazikutimizwa, kisha akataja salio dogo lililobaki baada ya nauli za Dar es Salaam, dawa na gharama za maziko. Salio lile akakabidhiwa mjane. Mzee mmoja akasema, "Basi, tumemaliza," na kweli tulikuwa tumemaliza, kwa sababu mchango ule ulikuwa wa mtu mmoja na mtu mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Mwenzangu huyo na mimi tulikuwa watangazaji wa mpira, ikiwa neno hilo linaweza kubeba kazi yetu. Kwa miaka kumi na moja tulitangaza mechi za ndondo, mpira wa mitaani, pale Makorora, Tanga, kwa kipaza sauti kimoja na spika mbili za kukodi, yeye akiwa mtangazaji na mimi mchambuzi. Kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimoja, ilibidi kila mmoja ajifunze pumzi za mwenzake: akishusha bega nilijua anamalizia sentensi, na nikikohoa alijua sina la kusema. Watu wanaofanya kazi ya namna hii hufahamiana kwa njia ambayo hata ndugu wa tumbo moja hawafahamiani, na labda ndiyo sababu miezi michache baada ya arobaini ile, nilipokutana na hotuba ya mtangazaji mmoja wa Marekani ambaye alikuwa amefariki miaka mingi, niliitazama mara tatu kwa usiku mmoja.

Mtangazaji huyo ni Jim Valvano. Kabla ya kushika kipaza sauti alikuwa kocha wa mpira wa kikapu, mtoto wa Queens, New York, aliyezaliwa mwaka 1946 katika familia yenye asili ya Italia. Tarehe 4 Aprili 1983, timu yake ya chuo kikuu cha North Carolina State ilicheza fainali ya vyuo vya Marekani mjini Albuquerque dhidi ya Houston, ambayo ilikuwa na Clyde Drexler pamoja na kijana mrefu kutoka Lagos ambaye dunia ingemjua baadaye kwa jina la Hakeem Olajuwon. Hakuna aliyeipa North Carolina State nafasi. Matokeo yakiwa 52 kwa 52, Dereck Whittenburg alirusha mpira kutoka mbali, ukapungukiwa, na Lorenzo Charles akaudaka chini ya kikapu akaudumbukiza muda ukiwa unakatika. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu, hata hivyo, ni picha ya kocha anayekimbia huku na huko uwanjani akitafuta mtu wa kumkumbatia, na kila anayemfikia tayari amekumbatiwa na mwingine. Yeye mwenyewe aliigeuza picha hiyo kuwa kichekesho, akakisimulia kwa miaka yote iliyofuata.

Mwaka 1990 alipoteza kazi yake ya ukocha, baada ya uchunguzi uliohusu mwenendo wa timu yake, akahamia kwenye utangazaji katika vituo vya televisheni vya ESPN na ABC. Huko alikutana kazini na Dick Vitale, naye mwana wa Waitaliano wa upande wa pili wa mto, New Jersey, naye kocha aliyefukuzwa. Vitale alifukuzwa na timu ya kulipwa ya Detroit Pistons mwezi Novemba 1979, msimu ukiwa umefikia mechi 12 tu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshatangaza mechi kubwa ya kwanza ya mpira wa kikapu wa vyuo kwenye kituo kipya cha televisheni ambacho hakukifahamu hata kidogo. Amewahi kusema kwamba alipotajiwa herufi hizo nne, ESPN, alidhani ni jina la ugonjwa. Ana jicho moja tu linaloona, kwa kuwa la kushoto liliumia utotoni, na ana sauti ambayo mtu huipenda au huizima. Mimi siku ya kwanza niliizima. Hupiga kelele, hubuni misamiati yake mwenyewe, humsifu mchezaji kana kwamba anamposea. Valvano alikuwa mchekeshaji mwenye akili kali, na walipokaa pamoja mbele ya kamera ilikuwa kazi kujua nani anamchokoza nani.

Mwezi Juni 1992 Valvano aliambiwa kwamba ana saratani, na kwamba ilikuwa tayari imesambaa hadi kwenye mifupa. Hakuacha kutangaza. Tarehe 21 Februari 1993 alirudi Raleigh kwenye uwanja wa chuo chake cha zamani akiwa mtangazaji wa mechi ya siku hiyo, na katika hafla ya kukumbuka ubingwa wa 1983 akawaambia watu maneno ambayo baadaye yangekuwa wito wa mfuko wake: msikate tamaa, kamwe msikate tamaa. Siku 11 baadaye, tarehe 4 Machi, alikuwa New York kupokea tuzo iliyopewa jina la Arthur Ashe, mchezaji wa tenisi aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba Vitale alimshika mkono kupanda jukwaani, na Mike Krzyzewski, kocha wa chuo kikuu cha Duke ambaye walikuwa wakipigana vikumbo kwa miaka mingi, ndiye aliyemshika wakati wa kushuka.

Baina ya kupanda na kushuka alizungumza kwa dakika zipatazo 11. Alisema kila mtu anapaswa kufanya mambo matatu kila siku: kucheka, kufikiri, na kuguswa moyo hadi machozi. Katikati ya hotuba, skrini iliyokuwa mbele yake ilimwashia maandishi kwamba zimebaki sekunde 30, naye akauliza ukumbi mzima kama mtu mwenye uvimbe mwili mzima anaweza kumjali bwana wa huko nyuma anayemhesabia sekunde. Watu walicheka na kulia papo hapo. Mtangazaji yeyote ataelewa kwa nini kichekesho kile ni kizito, kwa sababu maisha yetu yote kazini ni kutii saa ya mtu mwingine, na yeye usiku ule, akijua saa yake mwenyewe, aliivunja ile nyingine hadharani.

Kisha akaomba pesa. Hapa ndipo nilipoirudisha video nyuma. Alitangaza kwamba, kwa msaada wa ESPN, unaanzishwa mfuko wa utafiti wa saratani utakaoitwa V Foundation, na akasema wazi kwamba utafiti huo huenda usiokoe maisha yake, bali huenda ukaokoa maisha ya watoto wake, au ya mtu umpendaye. Alifariki tarehe 28 Aprili mwaka uleule, siku 55 baada ya usiku ule, akiwa na umri wa miaka 47.

Nimekaa kwenye kamati nyingi za michango, za harusi, za ada, za misiba na za hospitali, na sijawahi kumsikia mgonjwa akisimama mbele ya watu kuomba pesa huku akiwaambia kwamba yeye mwenyewe hazitamfaa. Kwetu mchango una uso. Mtu hutoa kwa sababu anamjua mgonjwa, au anamjua shemeji yake, au atakutana naye msikitini Ijumaa, na mchango huo ukimalizika kwa nafuu au kwa msiba, umemalizika. Sisemi kwamba ni vibaya; bila utaratibu huo mwenzangu asingefika hata stendi ya mabasi. Lakini utafiti hauna uso. Mtu atakayeokolewa na pesa ya leo hajaugua bado, pengine hajazaliwa, na hawezi kukaa kwenye mkeka akasikia jina lake likisomwa. Valvano aliukopesha utafiti uso wake, na kwa kuwa alikuwa anakaribia kufa, ilibidi marafiki wauchukue na kuendelea nao.

Waliuchukua. John Saunders, mtangazaji wa Kanada aliyekuwa rafiki yake na mwenzake katika ESPN, alikuwa miongoni mwa wajumbe waanzilishi wa bodi ya mfuko, na aliutumikia mpaka alipofariki mwaka 2016. Kila mwezi Desemba kituo kile hutenga siku za kuchangisha, hotuba ya 1993 hurushwa tena, na mechi za mpira wa kikapu huchezwa kwa jina la Valvano. Gharama za uendeshaji hulipwa kutoka kwenye akiba maalumu, ili kila dola anayotoa mchangiaji iende kwenye utafiti na shughuli zake. Kufikia sasa mfuko umetoa ruzuku zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300.

Kiasi hicho, kwa nchi yenye taasisi za serikali zinazotumia mabilioni kila mwaka kwa saratani pekee, kinaweza kuonekana kama kikombe cha maji baharini. Nilidhani hivyo mpaka nilipoelewa kinakoelekezwa. Mtafiti kijana mwenye wazo jipya hapewi ruzuku kubwa ya serikali mpaka aonyeshe matokeo ya awali, na matokeo ya awali hayapatikani bila pesa ya maabara, kwa hiyo wazo hufa likiwa bado wazo, na mwenye wazo huenda kutafuta kazi nyingine. Sehemu kubwa ya ruzuku za mfuko wa Valvano huenda kwa watu wa aina hiyo, mwanzoni kabisa mwa safari yao. Ni kama nauli ya kufika mjini: ndogo kuliko gharama zote zinazofuata, lakini bila hiyo hakuna kinachofuata.

Wala tusijidanganye kwamba utafiti wa saratani ni jambo la wenzetu wa ng'ambo. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mwayalandi aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 katika Afrika ya Mashariki na Kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza ugonjwa huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Sampuli za uvimbe huo zilizopelekwa London kutoka Kampala ndizo zilizowezesha kugunduliwa, mwaka 1964, kwa kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani kuonyesha kwamba saratani ya limfu, yaani uvimbe wa aina ile, inaweza kutibiwa kwa dawa. Watoto wale wa Uganda walichangia kwa miili yao kile ambacho wengine wamechangia kwa pesa, na hakuna daftari lililoandika majina yao.

Nirudi kwa watangazaji. Stuart Scott alisoma habari za michezo katika ESPN kwa lugha ambayo wakubwa wengi wa wakati ule hawakuitaka, lugha ya vijana weusi wa Marekani, ya hip-hop na ya vijiweni, na vijana wengi waliokuwa hawajawahi kujisikia kwenye taarifa ya habari walijisikia kwake. Kuanzia mwaka 1996 mwenzake mezani alikuwa Rich Eisen, Myahudi wa New York, na watu wawili hao ambao hawakufanana kwa lolote walikuwa wakimaliziana sentensi. Mwezi Novemba 2007, Scott alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na ndani yake ikakutwa saratani. Alipokuwa akipata tiba ya kemikali alikuwa akitoka hospitalini na kwenda kufanya mazoezi ya ngumi na mateke, jambo ambalo mimi ningemkataza, lakini hakuniuliza.

Tarehe 16 Julai 2014 alipewa tuzo yenye jina la Valvano. Wiki iliyotangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji mara nne katika siku saba. Alisema pale kwamba mtu akifa kwa saratani hajashindwa na saratani, kwa sababu unaishinda kwa namna unavyoishi na kwa lile unaloishi kwa ajili yake. Akaongeza kwamba mgonjwa apambane, na akichoka sana alale apumzike, amwachie mwingine apambane kwa ajili yake. Sisi kwa Kiswahili humwambia mfiwa kwamba marehemu "amepumzika", na kwa miaka mingi neno hilo limenionekea kama pazia tunalolivuta ili tusitazame kifo usoni. Kwa Scott, kupumzika kulikuja kabla ya kifo, na kulikuwa na kazi ndani yake: ukipumzika wewe, kuna mtu anaamka. Mwishoni akamwita binti yake mdogo apande jukwaani, kwa sababu alihitaji kukumbatiwa. Nilimkumbuka kocha wa Albuquerque anayekimbia mikono ikiwa imefunguka.

Scott alifariki tarehe 4 Januari 2015, akiwa na miaka 49. Eisen, ambaye alikuwa ameshahamia kituo kingine, ilimbidi atangaze kifo hicho asubuhi hiyohiyo akiwa hewani, na hakuweza kuzuia machozi. Tunafundishwa kwamba mtangazaji halii hewani. Nimeitazama video ile, na sioni angewezaje kuisoma habari ile kwa namna nyingine. Ndani ya mfuko wa Valvano ulianzishwa mfuko mwingine kwa jina la Scott, unaowapa ruzuku watafiti kutoka jamii za wachache na tafiti za saratani zinazoziumiza jamii hizo zaidi. Eisen naye ana desturi ya kuchekesha: tangu mwaka 2005, kila mwaka hukimbia yadi 40 akiwa amevaa suti, desturi iliyoanzia mahali ambapo vijana wanaotaka kusajiliwa kwenye ligi kuu ya mpira wa Kimarekani hupimwa kasi, na humaliza kwa sekunde kama sita, wakati vijana wale hutumia nne na ushei. Mzaha huo umegeuka njia ya kuichangia St. Jude, hospitali ya utafiti wa saratani za watoto iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962. Wakati inafunguliwa, mtoto mwenye aina ya saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi utotoni karibu hakika alikuwa anakufa. Leo, katika nchi zenye dawa, takriban tisa katika kumi hupona. Nikiona suti ile ikitimka, huikumbuka hesabu hiyo.

Na Vitale? Alimshika mwenzake mkono mwaka 1993 na, kwa maana fulani, hajauachia. Tangu mwaka 2006 huandaa hafla kila mwaka huko Sarasota, Florida, karibu na anakoishi, kwa ajili ya saratani za watoto, na makusanyo yake yamepita dola milioni 100. Wanaomfahamu wanasema ni msumbufu: hupiga simu, hurudia kupiga, humkumbusha tajiri ahadi yake hadharani. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu kila kamati ya mchango inamhitaji mtu asiyeona haya, na kwetu alikuwa mwenzangu.

Mwaka 2021, akiwa na miaka 82, Vitale alikutwa na saratani ya ngozi, kisha ya limfu. Katikati ya tiba alirudi kutangaza mechi moja mjini Las Vegas na akalia kabla hata mpira haujarushwa. Alipona. Mwaka 2023 wakakuta saratani kwenye nyuzi za sauti, akapigwa mionzi mara 35, na ikambidi anyamaze. Mtu aliyeishi kwa kelele alizunguka nyumbani na ubao mweupe na kalamu, akiandika anachotaka kumwambia mkewe. Mwaka 2024 ikarudi kwenye tezi ya shingo, akafanyiwa upasuaji. Tarehe 8 Februari 2025, akiwa na miaka 85, alikaa tena mbele ya kipaza sauti pale Clemson ilipoifunga Duke, sauti ikiwa imekwaruzika lakini ni yake. Binti wa Valvano, Jamie, naye alipata saratani ya matiti akiwa na miaka 26, akapona. Baba yake alikuwa ametaja watoto wake kwa jumla tu, kama mtu anavyotoa mfano.

Saratani ya mwenzangu ilikuwa ya umio. Ukanda wetu huu, kutoka Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani hiyo kuliko sehemu nyingi za dunia, na watafiti bado wanabishana juu ya sababu, kama ni chai ya moto sana, moshi wa jikoni, lishe au vyote pamoja. Ilianza kwa chakula kukwama, ikaishia kwenye sauti. Wiki zake mbili za mwisho katika hospitali ya saratani ya Ocean Road hakuwa na sauti kabisa, na hakuwa na ubao mweupe. Alikuwa na daftari la shule la mwanawe, akiandika nyuma ya kurasa za hesabu.

Jumapili ya mwisho nilifika nikitoka stendi, siku moja baada ya nusu fainali ya ndondo ambayo niliitangaza peke yangu, kipaza sauti kikiwa kizito mkononi kwa sababu hakikuwa na wa kupokezana naye. Alinitazama, akavuta daftari, akaandika: "Mchambuzi, nani kafunga?" Nikavuta kiti karibu na kitanda nikamtangazia bao lile tangu mpira ulipotoka mikononi mwa kipa, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa wengine, na kila niliporuka pasi moja aligonga ukingo wa kitanda kwa kidole ili nirudi nyuma niieleze.